Alichokipitisha Mwaka Jana

...halafu wote husema kosa ni la bunduki, maana bunduki haina mdomo wa kujitetea, na huyu shemeji yake, askari wa wanyamapori miaka kumi na minne, amejikunyata kwenye benchi la wateja kama mgonjwa anayesubiri majibu, "Ilikwama, shemeji, nilivuta wenzo ukagoma," na yeye fundi anaitikia "ehe," mkono wake unaushusha wenzo, unaupandisha, risasi ya bandia inaruka nje, nyingine inaingia, laini kabisa, hakuna fundi mji huu wa kumfundisha sauti ya bunduki ya wenzo, marehemu baba alimfunga kitambaa machoni akamwambia sikiliza, naye akasikiliza mpaka akajua, mtu akivuta nusu kwa hofu risasi hubaki njiani, basi, ndivyo alivyomwambia dada yake Jumapili, mumeo alivuta nusu, na dada akasukuma sahani pembeni... nyati alikuwa hatua ishirini tu, na askari aliyekuwa na shemeji yuko wodini, nyonga imevunjika vipande... "Kazini hawanisalimii siku hizi," shemeji anasema, "wanasema niliingiwa na baridi," ehe, risasi ya tatu inatoka, safi, amwambieje sasa, amwambie taratibu, mtu mzima huyu, baba wa watoto, "Kwani huwa unajaza ngapi?" anauliza, ili tu asikae kimya, "Zote saba, shemeji, porini nani anajaza tatu?" na mkono wake unasimama, tatu, yeye huweka tatu akikagua, siku zote tatu, tangu lini, tangu wateja walipoanza kupanga foleni na yeye kuanza kujiamini kwamba mkono kama wake hauhitaji zaidi, tatu mwaka jana pia, bunduki hii hii, akaandika *nzima* akapiga mhuri, haya, jaza saba, ya saba inasukumana na springi, inabidi kidole gumba kiikandamize, kisha anavuta wenzo mpaka mwisho, bila hofu, bila nyati, na unagoma nusu ya njia, kama jiwe... kurunzi, iko wapi kurunzi, hii hapa, risasi ya pili imechomoka kwenye bomba la risasi ikajibana chini ya ulimi unaoinua risasi, na kwenye ulimi kuna mfereji mwembamba, chuma kimekula chuma, huu si wa mwaka mmoja, fundi, usijidanganye, ulikuwepo, ungeuona kama ungejaza... anaweza kusema umelika baada ya ukaguzi, nani atajua, shemeji atashukuru, dada atacheka tena, mkuu wa askari atakubali, na yule wodini ataendelea kulala pale kwa sababu ya mhuri wake bila kujua, hapana, aliyemfunga kitambaa hakumfundisha kusikia sauti za wengine tu, na mkono unaizima kurunzi, yeye ni fundi mzuri, bado ni fundi mzuri, na fundi mzuri humweleza mteja ugonjwa ulipo, ataandika barua leo hii kwa mkuu wao, jina lake chini... "Vipi, shemeji?" anauliza kutoka benchini, na yeye anaiweka bunduki mezani, anamgeukia. "Ulivuta sawasawa. Mbovu ni bunduki, na mwaka jana niliipitisha mimi."