Chini Pako Wazi

Mume wangu Royce alikuwa akisema kwamba kutazama mbio za magari ni sawa na kutazama maji yakizunguka kwenye sinki. Alisema hivyo kila Jumapili baada ya kanisa, mezani kwangu, mbele ya kaka yangu Hoyt, mwenye gereji na mwenye gari la mbio.

"Magari thelathini yanakata kona kushoto," alisema Jumapili ile, paja la kuku mkononi. "Halafu? Yanakata tena kushoto. Shemeji, hata punda wa kinu angechoka."

"Na huo mpira wenu?" Hoyt akamjibu. "Unakaa saa tatu na nusu, na mpira wenyewe unachezwa dakika kumi na moja. Muda uliobaki mijitu yenye kofia ngumu imeinama, imeshika magoti, kama imeangusha senti kwenye nyasi."

"Watu laki moja hawajazani uwanjani kutazama mtu akitafuta senti."

"Laki moja wanaokunywa tangu asubuhi! Hao hata uwawekee mbuzi wawili wanaopigana pembe, watashangilia."

"Wa kwako wanafuata ajali. Sema kweli, shemeji. Magari yasipogongana, watu wako wanasinzia."

Hoyt akamega mkate wa mahindi, akautafuna polepole. "Kidogo," alisema.

Sote tukacheka, na mwanangu Tate akacheka kuliko wote. Alikuwa na miaka kumi na minane. Ijumaa aliichezea timu ya shule mpira wa Kimarekani, mlinzi wa katikati, kilo tisini na tano. Jumapili aliendesha gari la Hoyt, namba arobaini na moja, kwenye uwanja mdogo wa Sorrel Hill. Chuo kimoja cha Tennessee kilikuwa kimeshamtaka kwa ajili ya mpira, miaka minne bila kulipa chochote. Ilibaki sahihi yake tu.

Kicheko kilipotulia, alisema, "Baba, mimi mpira sitaki tena. Chuo sikitaki. Nataka kuendesha."

Royce aliacha kutafuna. "Umewahi kushinda nini huko?"

"Nimekuwa wa sita. Mara mbili."

"Wa sita! Mama yako akiwa wa sita kwenye foleni ya dukani, huwa tunamfanyia sherehe?" Akajifuta mdomo. "Haya. Jumapili ijayo ukimaliza ndani ya tano, nitampigia kocha wa chuo mimi mwenyewe, nimwambie hapana. Usipoingia, unatia sahihi Jumatatu na hilo gari huligusi tena."

Hoyt aliwashikisha mikono juu ya bakuli la mboga. Royce alikuwa anatabasamu. Alijua kwamba tofauti ya wa sita na wa tano ni ndogo, lakini alikuwa ameshasema mbele ya watu.

Tatizo likaja Jumatano. Dereva wa mbio hizi amefungwa mikanda mpaka shingoni, hawezi kugeuza kichwa. Kwa hiyo kila gari lina mwangalizi wake, anayesimama juu ya paa la jukwaa na redio na kumwambia dereva nani yuko ubavuni. Bila mwangalizi gari haliruhusiwi kuingia. Mwangalizi wa Tate alikuwa Hoyt, na Hoyt alikuwa amefungiwa mbio tatu kwa kumrushia mwamuzi chupa ya chai.

"Niachieni mimi," Royce akasema.

"Kweli, Baba?" Tate aliuliza, na uso wake wote ukafunguka. Tangu aanze kuendesha, baba yake hakuwahi kukanyaga Sorrel Hill.

Hoyt alimfundisha kwenye meza yangu ya jikoni, kwa vikopo vya chumvi na pilipili. Gari la mwingine likiwa upande wa ndani, unasema "gari chini". Likitoka, unasema "chini pako wazi". Maneno hayajai kiganja, mtoto wa miaka mitano angeyashika.

Jumamosi, tukiwa chumbani, Royce alisema, "Hataingia tano."

"Utafanya nini?"

"Nitachelewa kusema. Atasitasita, watampita. Basi."

"Usimuumize," nikasema, kisha nikaendelea kupiga pasi sare yangu ya kazini. Sikumkataza. Mimi nina diploma ya miaka miwili na nimeshika mapokezi ya daktari wa meno kwa miaka kumi na saba. Najua karatasi ya chuo inafungua milango gani na gereji ya kaka yangu inafungua ipi. Nilikitaka chuo kile kuliko Royce. Royce alitaka mpira.

Jumapili nilikaa jukwaani, nimevaa visikizi vya kukodi. Mtazamaji hukodi vile getini, akaweka namba ya gari analolipenda, akasikia dereva na mwangalizi wake wakizungumza. Anasikia tu. Kusema hawezi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene na mfuko wa karanga za kuchemsha.

Mizunguko ilikuwa mia moja. Mpaka wa sitini Tate alikuwa wa tisa, na Royce alifanya alivyoahidi: alikuwa mzito wa maneno, anameza mate redioni. Lakini magari mawili yalipopasuka matairi na Tate akapanda hadi wa saba, sauti ya mume wangu ikabadilika.

"Gari chini. Bado yupo. Bado. Ametoka! Nenda, mwanangu, nenda!"

Namjua yule mtu miaka ishirini na miwili. Alikuwa anafurahia. Alisahau alichokwenda kufanya kule juu. Alimwongoza kijana hadi wa sita, kisha wa tano, na mimi nikawa nimejishika magoti kama wale wachezaji aliowacheka Hoyt.

"Baba, nimebakiza mingapi?" Tate aliuliza.

"Minane."

"Tunafanya vizuri, sivyo?"

Nadhani hapo ndipo Royce alipokumbuka alichokwenda kufanya. Mzunguko mzima ukapita, sikusikia ila mngurumo. Tate akampita mtu mwingine bila msaada wa yeyote, akawa wa nne.

Gari la kijani lilimjia upande wa ndani, likabana ubavuni mwake, mlango kwa mlango. Mimi nililiona. Mama wa karanga aliliona. Kutoka juu ya paa, hata kipofu angeliona.

"Chini pako wazi," Royce akasema. "Shuka."

Tate akashuka.

Namba arobaini na moja iligeuka ubavu, ikapanda ukutani, na magari matatu yaliyokuwa nyuma yakaingia mlangoni mwake moja baada ya jingine. Jukwaa zima likasimama. Mama yule aliruka hata maji ya karanga ikanimwagikia viatuni.

"Hiyo ndiyo!" alipiga kelele. "Hiyo ndiyo niliyoifuata! Umeona, mpenzi? La ngapi lile?"

"La mwanangu."

Akakaa. Baada ya muda mfupi akasimama tena, nyuma ya bega langu, apate kuona vizuri.

Mguu wa kulia ulivunjika mahali pane na goti halikubakia goti. Chuo kilipiga simu Jumanne, mazungumzo ya dakika mbili, ya adabu. Jumatano kanisani Royce alilia mbele ya watu wote. "Mimi si mtu wa magari," alisema. "Nilichanganya maneno." Wanaume wakampigapiga mgongoni, wake zao wakatuletea mabakuli ya tambi na jibini, na Royce akapokea vyote, pole na mabakuli.

Mimi nilinyamaza siku kumi na tatu, mpaka Tate alipotoka hospitali.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Tulimlaza kwenye kochi, mguu juu ya mito. Royce aliwasha televisheni kwa sauti ya chini. Timu zilikuwa zinaingia uwanjani. Tate alimtazama baba yake aliyekuwa ameinamisha kichwa, akasema, "Baba, usijisumbue. Niliiona pua yake kwenye kioo. Gari la kijani. Lakini ulisema pako wazi, nikajua uko juu, unaona kuliko mimi."

Royce akafungua mdomo ili aseme tena yale ya kanisani, nikaona kwamba angeyasema mpaka tuzikwe.

"Hakuchanganya maneno," nikasema. "Alitaka usiingie tano."

"Loretta!" Royce akasema.

"Mwambie. Mwambie au nimwambie mimi."

Royce alitazama zulia. "Nilidhani utazunguka tu, mwanangu. Uzunguke, uchafuke, utoke. Watu huzunguka kila wiki."

Uwanjani bendi ilikuwa inapiga. Kisha Tate akanigeukia mimi, siyo baba yake.

"Mama, wewe ulijua?"

"Nilijua atafanya kitu."

"Ukakaa jukwaani."

"Nilikaa."

Aliomba simu yake. Hoyt alifika baada ya robo saa na gari la kubebea mizigo, injini ikiunguruma uani, hakuingia ndani. Nilibeba begi la nguo na dawa, kwa sababu Tate alikuwa na magongo mikononi. Nilimwekea mto chini ya mguu. Nilimwandikia Hoyt saa za dawa nyuma ya bahasha, nikarudia mara mbili ile ya kuzuia damu isigande. Tate alitazama mbele muda wote, kwenye kioo cha mbele, kama mtu anayesubiri bendera ya kuanza mbio.

"Nitakuja kesho na chakula," nikasema.

"Usije, Mama."

Hoyt akaondoa gari.

Nilipoingia, Royce alikuwa amekaa palepale. "Amesema nini?"

"Nisiende."

"Na mimi?"

"Hajakutaja."

Alishusha pumzi, nusu ya kilio. Kwenye televisheni mpira ukapigwa juu, vijana ishirini na wawili wakakimbiliana wakagongana, na kishindo chake kikasikika hata kwa sauti ile ndogo. Royce akainua kichwa. Sikumlaumu, ilikuwa Jumamosi, siku ya mpira, na kulikuwa na nafasi kwenye kochi. Nikakaa. Kufika mapumziko alikuwa ameshaanza kuwatukana waamuzi, nami nilikuwa nimepasha moto bakuli moja la tambi.