Kiapo cha Daktari wa Bwenini

Uvimbe ulikuwa kwenye titi la kushoto, karibu na kwapa, na Lavonda Purifoy alianza kuuonyesha zahanati ya gereza ukiwa bado kama punje ya mahindi. Muuguzi aliubonyeza juu ya shati, akampa vidonge vya maumivu na kumwambia apunguze kahawa. Akarudi, akapewa vidonge. Akarudi tena, akaambiwa anasumbua watu. Siku walipompeleka hospitali ya mjini, pingu miguuni, ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa.

Ndipo alipoishtaki kampuni iliyopewa kazi ya kutibu wafungwa. Fidia haikumshughulisha, angeinunulia nini, sabuni? Alichotaka ni yule muuguzi na bosi wake wasimamishwe mbele ya jaji, waulizwe waliona nini na kwa nini walikaa kimya. Na alitaka kuyasikia majibu yao kwa masikio yake, akiwa hai.

Lakini sheria ya jimbo lile haitaki mchezo. Ukimshtaki daktari, sharti upeleke hati ya kiapo ya daktari mwingine anayesema kwamba ndiyo, hapa pamefanyika uzembe. Bila hati hiyo, uvimbe wako na uwe mkubwa kama boga, jaji hafungui ukurasa wa pili. Wanasema iliwekwa kuwakinga madaktari na wazushi. Walioitunga hawakumfikiria mtu ambaye simu yake huanza na sauti ya mashine ikitangaza kwamba anayepiga ni mfungwa. Kwenye ofisi za madaktari, wakisikia hivyo tu, wanakata. Mdogo wake Lavonda, Jonelle, alizunguka kliniki moja baada ya nyingine na makaratasi mkononi. Daktari wa mwisho alimwambia hawezi kumwapia mgonjwa ambaye hajamgusa, na gerezani haendi. Jaji aliongeza muda wa kuleta hati mara moja tu, akaonya kwamba hataongeza tena.

"Shoga, unahangaika na watu wa nje wa nini?" alisema Twyla, jirani yake wa kitanda, akimimina maji ya moto kwenye tambi zake. "Daktari si tunaye hapa hapa?"

Na kweli walikuwa naye. Corinne Vasko alikuwa daktari wa upasuaji kabla ya kufungwa kwa kuwauzia vyeti vya dawa watu walioshindwa kuachana na vidonge vya maumivu. Bwenini hakuna aliyemwita kwa jina. Mle ndani mtu hubaki na kazi yake ya nje hata azeeke: Mwalimu, Msusi, Daktari. Ndiyo heshima waliyobakiziana, na kuchimba zaidi ya hapo ni kukosa adabu. Wanawake walimpelekea vidole vilivyovimba na vifua vinavyokohoa. Hata Afande Mapp, askari wa zamu, aliwahi kumnong'oneza habari za mgongo wake.

Lavonda akamfuata uani.

"Daktari, nina shida."

"Shida yako naijua."

"Basi niandikie hicho kiapo."

Corinne aliusogelea ua wa seng'enge. "Walipokosea naweza kukutajia hata nikiwa usingizini," alisema. "Nimepasua matiti ya namna hiyo miaka na miaka."

"Si ndiyo hapo sasa! Andika, mama. Nina nani mwingine?"

"Haya," alisema Corinne. "Nitaandika."

Aliandika kurasa kadhaa, kwa mwandiko safi, akieleza kipimo gani kilipaswa kufanywa na lini. Mbele ya ofisa wa gereza anayeshuhudia viapo aliinua mkono wa kulia, akaapa, akatia saini. Lavonda alimwambia Jonelle aache kuzunguka, apumzike. Jioni ile wanawake walichanga walivyonunua duka la gereza, wakachanganya tambi na jibini na chipsi zilizopondwa, wakampakulia Daktari kwanza. Lavonda alikula akashiba, jambo ambalo lilikuwa limeshaanza kumpiga chenga.

Jibu la mahakama lilikuja likiwa fupi. Mawakili wa kampuni hawakubishia neno hata moja la tiba. Walisema tu kwamba aliyeapa alinyang'anywa leseni alipofungwa, na kwa sheria mtaalamu ni mwenye leseni. Muda ulikuwa umekwisha. Kesi ikatupwa, na haifunguliwi tena.

Lavonda alimkuta Corinne chumba cha kufulia, peke yake, akikunja mashuka.

"Ulijua?"

Corinne hakuuliza alijua nini. "Nilijua sina leseni. Nikadhani jaji akisoma ataona kwamba anayesema anajua anachosema."

"Ukadhani! Na Jonelle nikamwambia aache kutafuta. Mbona hukufungua mdomo?"

"Uliniita daktari, Lavonda. Nje hakuna tena anayeniita hivyo, hata wanangu. Nikaona nikikwambia, na humu mtaacha."

"Kwa hiyo ukaona heri unizike mimi."

"Sikuona hivyo. Lakini ndivyo nilivyofanya."

Lavonda alimchukia kwa roho yake yote. Alitaka kumzaba kofi, ila mkono wa kushoto ulikuwa hauinuki tena, na wa kulia ulikuwa umeng'ang'ania meza asianguke. Alijichukia yeye mwenyewe pia, kwa kutouliza swali ambalo mtoto angeliuliza. Akaketi juu ya rundo la mashuka na kuanza kufungua vifungo vya shati.

"Haya, njoo utazame," alisema. "Zahanati wananiambia subiri, hospitali wananiambia tutaona. Wewe niambie bila kunizungusha."

Corinne akaosha mikono. Akapapasa titi, kwapa, shingo, akabonyeza mbavu moja moja, akauliza mgongo unauma wapi na usiku analalaje. Hakuharakisha. Lavonda alijibu kila swali, na machozi yalimtoka kwa sababu tangu aanze kuugua hakuna aliyekuwa amemuuliza hayo.

"Krismasi hutaiona," alisema Corinne.

Lavonda akafunga vifungo. Alitumia mkono wa kulia peke yake.

"Kesho nikimpigia Jonelle nitakupa simu wewe umwambie, mimi siwezi," alisema. "Ila usije ukamwambia wewe ni daktari."