Risasi za Kipimo cha Clell

Jumatatu asubuhi, Orrin Tackett alikuwa karakanani kwake, huko Idaho, akisukuma kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu wa bastola ya jirani ili aupate upana wake, binti yake Verna alipoingia. Verna huyo walikuwa wamemzika tangu theluji ilipoanza kuyeyuka. Alivuta ndoo, akaketi, akaomba kahawa. Orrin akammiminia.

"Kazi zimekubana, Baba?"

"Msimu wa kulungu huo waja."

Bonde zima lilimletea bastola zao. Risasi za dukani, jamani, ni kama nguo za mtumba: ikikuenea, bahati yako. Orrin alipima mdomo wa kila tundu la silinda, akayeyusha madini, akamimina risasi ya kuenea hapo na si pengine. Clell, mumewe Verna, alikuwa akilenga hata ghala la nyasi analikosa. Za dukani zilikuwa nyembamba kwa bastola yake, zikitoka zikiyumba. Siku ya harusi, baba mkwe akamtunza sanduku zima la risasi za kipimo chake. Mapenzi hayo!

"Wanasema bastola ilifyatuka Clell akiisafisha," Orrin alisema.

"Clell huyu? Sahani yake tu haoshi!" Verna akacheka. "Alinilenga, Baba. Nilishafika getini na begi langu. Zile za dukani zingenikosa."

Moyo wa Orrin ulipasuka, nasema kweli. Aliweka mezani maikromita, kile kifaa chake cha kupimia risasi.

Sherifu akaja kuchukua bastola yake iliyokuwa tayari. Alipomwona Verna alivua kofia. "Pole, binti." Verna akamweleza yote: geti, begi, jinsi Clell alivyofumba jicho moja. Sherifu akasikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Nimekusikia. Ila kesi tulishaifunga. Na Clell tunasali naye, kijana kateseka sana."

"Kateseka!" Verna alisema.

Sherifu akavaa kofia, akachukua bastola na risasi zake, akatoka.

Orrin alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi. Verna akamsogezea ndoo yake karibu, akamshika mkono. Nje, sherifu alikuwa akijaribu risasi kwenye nguzo ya uzio. Zote zilipita tundu moja.

"Mzee Orrin!" akapaza sauti kwa furaha. "Hukosei wewe!"