Uti wa Pono

Zena alikuwa anaparua samaki wa tatu mgambo alipolipiga teke beseni lake. Pono na changu wakatawanyika kwenye tope la soko la Newala.

"Wa baruti hawa!" alisema Bwana Reginald, ofisa wa uvuvi aliyeongoza msako. "Wametoka kwenye matumbawe ya hifadhi. Mwagia mafuta ya taa."

"Shikamoo, baba. Hawa wamevuliwa kwa mtego wa dema. Nimevunja mmoja mwenyewe kabla sijanunua."

Kweli alivunja. Kila beseni alivunja mmoja, tangu mumewe, Mahmudu, aliposhuka pwani mwaka korosho zilipogoma, akaenda kurusha baruti kwenye hayo hayo matumbawe. Walimrudisha hana mikono. Siku ya tatu wakamzika. Leo mtu aje kumfundisha Zena baruti? Hebu!

Akampasua pono mbele ya watu. Uti mzima, tumbo safi. "Tazama! Wa baruti uti hupondeka, damu ikavilia ndani."

"Mkono mtupu haulambwi, Mama Hamida," mgambo akamnong'oneza Zena.

"Basi usilambe."

Rungu la mgambo likatua kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ukalia, kisu kikaanguka. La pili likatua mdomoni. Zena akatema jino. Watu wazima wote wale, jamani, wakarudi nyuma! Kiberiti kikawashwa, na mtaji wake wote ukawaka pale topeni.

Wakamburuta hadi kwenye gari. Nyuma kulikuwa na ndoo ya pono, zawadi ya Reginald kutoka kwa Abdulrazaki, tajiri wa samaki ambaye meza yake haikuguswa. Zena akachomoa mmoja kwa mkono mzima, akamkunja. Akakunjika kama kitambaa, damu nyeusi ikamtoka mdomoni.

"Huyu ndiye wa baruti!" akapiga kelele, akimwinua juu. "Wa kwenu huyu!"

Soko zima likamwona. Reginald naye alimwona. Akamchukua yule pono taratibu, akamtia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga.

"Kielelezo hiki," alisema. "Kimekutwa mikononi mwake. Mmeona?"

Akamgeukia Anastasia, muuza dagaa wa meza ya jirani. "Wewe, mama. Umeona alikuwa mikononi mwake?"

Anastasia alilitazama rungu, akayatazama mafungu yake ya dagaa.

"Nimeona," alisema.

Mgambo akaleta pingu, akaanza na mkono uliovunjika.