Shingo ya Msusi

Draya ilimponyoka Deyanira Polanco na kumwangukia Bi Confesora mapajani, saluni nzima ikanyamaza. Hilo peke yake lilikuwa ajabu, maana pale mjini Moca anayetafuta kimya haendi saluni siku ya Ijumaa. Bi Confesora aliruka kama aliyekalia siafu, akajikung'uta gauni, akamkodolea macho.

"Wee Deya! Miaka ishirini nakupa kichwa changu, leo ndiyo umeamua kuniunguza huku chini?"

Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu wakaangua kicheko. Deyanira hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimekufa ganzi kabisa, na kutoka shingoni maumivu yalikuwa yakishuka begani hadi kiwikoni, kama mtu anavuta waya wa moto ndani ya nyama.

Shingo ilianza kumsumbua tangu kabla ya Kwaresima. Mwanzoni alisema ni mto wa kulalia. Akabadilisha mto. Kisha akasema ni upepo wa feni, akaigeuza feni, akalala akitokwa jasho wiki mbili na shingo ikabaki vilevile. Kazi hakupunguza. Jumamosi moja aliweza kunyoosha vichwa kumi na viwili, mkono mmoja brashi, mwingine draya, viwiko vyote viwili vikiwa juu kuliko mabega, tangu asubuhi mpaka miguu ivimbe. Hapo mtaani watu walisema nywele zikipita mikononi mwa Deya hata mvua inaziheshimu.

Baada ya ile draya kuanguka alikwenda hospitali, ambako daktari alizitazama picha za shingo kwa dakika tano tu. Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: kati ya pingili ya tano na ya sita, ile sahani laini inayozitenganisha ilikuwa imetokeza nje na kuukandamiza mshipa wa fahamu unaoteremka mkononi.

"Upasuaji hatujafika huko," alisema. "Nenda mazoezi ya viungo. Na uache kuinua mikono."

"Mimi ni msusi, daktari."

"Basi punguza."

Deyanira alirudi nyumbani akinung'unika njia nzima. Apunguze vipi? Vichwa vya watu viko juu, Mungu ndiye aliyeviweka huko.

Ushauri sasa ukaanza kumiminika. Mwenye kichwa kilicholowa dawa ya nywele alimwambia apake mafuta ya nyoka. Mwenye rola kichwani alimwambia hiyo ni hasira ya mume, imekaa shingoni. Bi Confesora mwenyewe alimpeleka kwa mkandaji mmoja nyuma ya soko, mzee mwenye vidole kama koleo, aliyemkamata kidevu akampindua kichwa ghafla mpaka Deyanira akaona nyota mchana. Kwa siku nne hakuweza kuvaa blauzi bila kulia. Ndipo dada yake Mireya alipomletea kola ya shingo, ile nyeupe ngumu, akamfunga kwa mikono yake.

"Usiivue, dada. Hata kulala lala nayo."

Aliivaa mwezi mzima. Mume wake, Radhamés, kila akimwona mezani anakula ndizi za kupondwa huku macho yanatazama ukuta, alisema, "Mke wangu umekuwa kama chupa yenye kizibo." Alilicheka neno lake mwenyewe, kisha akauliza kama kuna soseji ya salami zaidi.

Mtaalamu wa mazoezi aliitwa Anyelina, msichana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, na kliniki yake ilikuwa juu ya duka la viatu. Kitu cha kwanza alichokifanya ni kuivua ile kola.

"Nani kakuambia uvae hii mwezi mzima, mama?"

"Dada yangu."

"Dada yako ni daktari?"

"Anauza mapazia."

Anyelina akaibwaga kola kitini. "Hii ni ya siku chache tu, tena maumivu yakizidi. Misuli ya shingo yako imelala usingizi. Sasa ni kuiamsha. Kaa wima. Rudisha kidevu nyuma, sawasawa, usiinamishe kichwa. Kama mtu aliyenusa maziwa yaliyochacha."

Deyanira akarudisha kidevu. Kwenye kioo akaona kidevu cha pili kimejitokeza chini ya cha kwanza.

"Mwanangu, nimetumia nusu ya maisha kukificha hiki, wewe unanifundisha kukitoa?"

"Kitoe mara kumi, kila baada ya saa mbili. Kisha kaza mabega nyuma, hesabu mpaka tano, legeza."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Alishuka ngazi akihisi kama ameibiwa. Maumivu yale yaliyokuwa yakimfanya asage meno, eti dawa yake ni kununa kama mtu aliyenusa maziwa! Lakini alifanya. Alifanya kwa hasira, mbele ya jiko na mbele ya kioo cha saluni, wateja wakimwiga na kufa kwa kicheko.

Baada ya wiki tatu waya wa moto uliondoka kiwikoni, ukapanda begani, kisha ukakusanyika wote shingoni, ambako sasa kuliuma kuliko mwanzo. Deyanira alifika kliniki amefura.

"Nimekuja na shingo inauma, naondoka na shingo inauma zaidi!"

"Na mkono?"

"Mkono afadhali."

"Hiyo ni dalili njema, mama. Maumivu yakipanda kutoka mkononi kurudi shingoni, ujue mshipa unaachiliwa."

"Njema kwa nani? Hii shingo ni yako?"

Anyelina akatabasamu. Tabasamu lile lilimuudhi kuliko shingo yenyewe.

Kisha ikafika wiki ya mahafali. Kila nyumba ilikuwa na binti wa kupigwa picha, na kila binti alikuwa na mama na shangazi wawili. Deyanira aliapa atafanya vichwa sita. Alifanya kumi na vinne. Kesho yake asubuhi aliketi ukingoni mwa kitanda, hawezi kugeuka kushoto wala kulia, ule mkono umewaka upya mpaka kwenye kucha.

"Si ulisema unapona?" Radhamés aliuliza, akifunga mkanda.

Alimrushia kiatu kwa mkono wa kushoto. Kikaipiga picha ya mtakatifu ukutani.

Kwa Anyelina alikwenda akiwa amejiandaa kugombezwa. Badala yake binti yule akasema, "Jumatatu saluni umefunga, sivyo? Nitakuja. Nataka nikuone unavyofanya kazi."

Alikuja. Akaketi mwenyewe kwenye kiti cha wateja, akampa Deyanira draya isiyowashwa. "Haya, nitengeneze."

Deyanira akainua mikono. Anyelina akamtazama kwenye kioo, akavitazama viwiko vyake vilivyo juu ya masikio, kisha akainama kutazama chini ya kiti.

"Mbona kiko juu hivi? Kishushe."

"Hakishuki. Kimekwama."

"Tangu lini?"

"Tangu Radhamés aseme atakitengeneza. Miaka minane."

Jikoni kwao, nyuma ya saluni, ambako Radhamés alikuwa akichuja kahawa, palisikika kikohozi.

"Mama," Anyelina alisema polepole, "mimi ni mfupi, na bado kichwa changu kiko juu ya kifua chako. Unafanya kazi kama mtu anayepaka rangi dari. Mazoezi yatakusaidia nini kama kila siku unakuja kuibonyeza sahani ileile?"

Deyanira alikuwa akipiga hesabu kichwani: mafuta ya nyoka, koleo za yule mzee, mwezi wa kola, machozi ya kuvaa blauzi, na kumbe ugonjwa umeketi katikati ya saluni, umevikwa ngozi nyekundu, yeye mwenyewe anaufuta vumbi kila jioni. Akaenda mpaka mlango wa jikoni.

"Ulisikia?"

"Mke wangu, ningejua kwamba ni kiti..."

"Ulijua kimekwama! Nimekuambia Krismasi ngapi?"

"Wewe nawe hukusema kinaumiza shingo."

"Ningejuaje? Mimi ni daktari? Mimi nauza mapazia?"

Radhamés hakuelewa habari ya mapazia, lakini alichukua spana. Alihangaika na kile kiti mpaka adhuhuri, akatoka na mafuta mpaka kwenye nyusi na habari kwamba bomba la ndani limeliwa na kutu, halifai. Wakakitoa nje. Mahali pake akaweka kiti cha mbao cha mezani, akakikata miguu ili kiwe kifupi. Mguu mmoja aliukata zaidi. Akaikata mitatu iliyobaki, na ikawa zamu ya mwingine kuzidi. Alipomaliza, kiti kilikuwa kama cha kukamulia ng'ombe.

Wateja hawakukipenda. "Nikae hapa chini kama mtoto anayesubiri kunyolewa?" alilalamika mmoja. Mwingine alisema magoti yanamgusa kidevu. Deyanira naye alilazimika kujifunza upya kazi aliyoifanya tangu usichana: viwiko vibaki karibu na mbavu, yeye ndiye azunguke, na akimaliza kila kichwa aketi, arudishe kidevu nyuma mara kumi. Ilimchukua muda mara mbili. Nywele za utosini hazikulala kama zamani, naye alizitazama zikitoka mlangoni kwake akaona aibu.

Miezi mitatu ilipita. Usiku alilala bila kuamka. Mkono haukuwaka tena. Kidole gumba bado kilikuwa na ganzi nchani, na Anyelina alimwambia bila kuficha kwamba huenda kikachukua mwaka, huenda kisirudi chote, na kwamba mazoezi hayana siku ya kumaliza.

"Maisha yote?"

"Unapiga mswaki maisha yote, mama."

Jumamosi moja baada ya kichwa cha sita, ambacho sasa ndicho kilikuwa cha mwisho kwa siku, Yudelka wa benki aliingia na nywele mbichi, ana harusi jioni.

"Njoo Jumanne," Deyanira alimwambia.

"Deya! Harusi ni leo!"

"Nimemaliza sita."

"Kichwa kimoja tu, shoga. Dakika kumi!"

"Hakuna kichwa cha dakika kumi. Nenda."

Yudelka alisonya, akatoka na mkoba wake, akavuka barabara moja kwa moja hadi kwa Nuris, msusi mwenzake Deyanira wa pale kona, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mikono imejaa pete, anamsubiri kama aliyejua. Deyanira aliwatazama mpaka pazia la Nuris lilipofungwa. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumkimbilia, alitaka shingo yake ya zamani. Akavuta kiti, akaketi wima, akaanza kuhesabu.

Radhamés alipita na ufagio. "Bado inauma?"

"Inauma."

"Lakini kidogo?"

"Usiniulize habari za kidogo," alisema, kidevu kikiwa nyuma. "Umenifanya nisahau nilifika ngapi."

Akaanza tena moja.