Kivutio cha Pili

Wewe umewahi kukaa barazani kwako, umejinyooshea miguu, ukasomewa kwamba wewe ni kivutio cha watalii?

Mimi nimesomewa. Hapa hapa Saadani, Jumamosi asubuhi, nasuka ukili wa mkeka, na jirani yangu Ashatu yupo pembeni anapeta mchele. Msomaji mwenyewe ni mjukuu wangu Najim, niliyemlea tangu aachishwe ziwa. Alishuka kwenye bodaboda kutoka Mkange na viatu vya kuchongoka, anatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Kashika mpango wa biashara, kautia jalada la plastiki usilowe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekula?"

"Kwanza nikusomee."

Kwanza anisomee! Mtu hajanawa hata uso.

Basi akasoma. Nyumba yangu, aliyoijenga marehemu babu yake, itaitwa Makazi ya Kitalii. Chumba changu kitakuwa cha daraja la kwanza. Samadari yangu, kitanda nilichoingia nacho humu bi harusi, walalie wageni. Mimi kitanda cha kamba, uani, karibu na jiko. Akaendelea bila haya: "Kivutio cha kwanza, tembo wa hifadhini. Kivutio cha pili, bibi mzaliwa wa pwani akisuka ukili barazani."

Ungo ulimponyoka Ashatu. "Shoga, umepitwa na tembo!"

"Na siku nikiumwa kiuno?" nikauliza.

"Hiyo tutaiingiza kwenye sehemu ya hatari," akasema, na wala hakucheka.

"Mume gani wewe, unamkodisha mkeo kwa Wazungu?"

Akafunua ukurasa wa mwisho, nitie sahihi kwamba nyumba nimeitoa kwa hiari yangu.

"Unataka nini, Najim?"

"Kukuza uchumi wa kaya, bibi."

"Nakuuliza unataka nini."

"Kuongeza thamani ya rasilimali zilizopo."

Rasilimali ndiyo mimi na samadari yangu. Nimefuga mbuzi waliojieleza vizuri kuliko huyu.

Nikamnyang'anya lile kabrasha. Darasa la saba nilimaliza, na miwani ninayo. Nikalipitia pole pole, naye anafuta jasho. Picha za watu wasiojulikana wanachekelea kompyuta. Miduara ya rangi imekatwakatwa kama chapati za kugawia watoto. Upuuzi mtupu, lakini umepangwa vizuri. Halafu nikafika kwenye mchoro wa nyumba.

Vyumba vyote vya maana kawapa wageni. Meneja, yaani yeye, kajipa kile cha nyuma chenye dirisha la kisimani, kinachovuja, chenye popo darini. Ndicho alicholala tangu mdogo; mipira aliyochora kwa mkaa bado ipo ukutani.

"Meneja gani analala na popo?"

"Ni kwa muda tu, bibi."

"Na hapa umeandika wageni wataanza mwakani. Meneja anahamia wiki hii. Atamsimamia nani? Popo?"

Hapo ndipo nilipoliangalia begi alilolitua nyuma ya nguzo. Si begi la mtu aliyekuja kusalimia. Limefungwa kamba ya katani, zipu imeshindwa kufunga, na mpini wa kikaango umechomoza. Nani anatembea na kikaango kwenda kwa bibi yake?

Ashatu alifumbua mdomo acheke. Nikamtazama, akaufumba.

Najim alikuwa ameinama, anavua vile viatu vyake. Visigino vyote viwili vimechubuka.

"Makaratasi yote haya," nikamwambia, "mpaka mimi na tembo tumo, na wewe hujasema neno hata moja. Unataka nini?"

Akavipanga viatu vizuri pembeni ya mlango, kama nilivyomfundisha.

"Kazi iliisha tangu Ramadhani, bibi," akasema. "Nataka kurudi nyumbani."