Jina Juu ya Mshale

Mama Adolphine wa Kapata anasema ilianzia kwenye ndoo yake ya munkoyo. Ilikuwa asubuhi ya siku ya posho, yaani Jumamosi. Alikuwa amepika uji wa mahindi, ameuacha upoe, ametia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, akafunika kwa sahani. Kinywaji hicho hungoja mpaka kesho yake. Wivine, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja kusukwa nywele, akakaa kwenye kibao, mgongo wake kwenye ndoo. Mama Adolphine anasema hajamaliza msuko wa kwanza akasikia ndoo inanong'ona. Alifunua, akaonja: imeiva. Alipofika msuko wa tatu, imekuwa siki.

"Wivine, mama, toka pale," alimwambia. "Unaniharibishia bintu."

Tangu siku hiyo Wivine alikuwa anakaa karibu na ndoo kwa muda wa msuko mmoja tu, halafu anahamia upande wa ukuta. Munkoyo ya Mama Adolphine ikawa tayari siku ile ile ya kupikwa, na wateja wakaifuata kwa pikipiki kutoka Musonoi.

"Uko sawa na mizizi," alikuwa anamwambia. "Inaingia, inafanya kazi, inatoka, unaianika kwa jua. Kesho iko paka ile ile tu."

Ilikuwa kweli. Wivine alikuwa na miaka ishirini na sita, shule aliiachia darasa la sita la msingi, na kila kitu kilichokaa karibu naye kilikuwa na haraka. Maharage yaliiva kabla makaa hayajashika vizuri. Misumari ya mlango wake ilishika kutu ndani ya juma moja. Yeye mwenyewe hakubadilika. Kucha zake alikuwa hajazikata kwa miaka minne, na zilikuwa fupi.

Alikuwa kibarua wa kutwa kwenye kiwanda kimoja cha shaba ng'ambo ya mto wa Musonoi, anaosha glasi za labo. Enjenia Mukuna, mkubwa wa labo na wa ukumbi wa matangi, alimgundua kwa saa yake ya mkononi. Kazi ya Mukuna asubuhi ilikuwa kutia unga wa jiwe la kijani ndani ya asidi na kupima dakika ngapi maji yanageuka buluu. Siku zote dakika arobaini. Siku Wivine alipokuwa anaosha kwenye sinki nyuma yake, dakika tatu. Akamwomba atoke nje. Arobaini. Akamwita arudi. Tatu. Mukuna aliandika namba hizo, akavuta kiti kwa mguu.

"Wivine, kaa. Nikuonyeshe kitu."

Mukuna alipenda kufundisha, na Wivine alijua kusikiliza. Mukuna akachora nyuma ya karatasi: mkono wa kushoto jiwe na asidi, mkono wa kulia maji ya buluu, katikati mshale. Akaeleza kwamba jiwe la unga lina haraka kuliko jiwe zima, la moto kuliko la baridi, na asidi nzito kuliko iliyoongezwa maji.

"Muhogo ni vile," alisema Wivine. "Ukiukata bidogo-bidogo unakauka mbio."

"Njo ile ile!" Mukuna alifurahi mpaka akasimama. Halafu akaandika jina la Wivine juu ya mshale, kwa mwandiko wa kulala.

"Sababu gani mi niko kule juu?"

"Sababu weye hauliwe. Hauingie upande huu, hautoke upande huu. Unapitisha mbio bile bilikuwa binaenda."

"Na katika bile binatoka, mi siko?"

"Hauko."

Wivine aliitazama ile karatasi muda mrefu. Hakuna enjenia aliyewahi kuandika jina lake. Aliomba aichukue, akapewa.

Juma lililofuata wakamwekea kigoda cha chuma pembeni ya tangi la saba. Jiwe lililokuwa linakaa kwenye asidi masaa nane likaanza kumalizika kwa nusu saa na kidogo. Wakubwa walikuja kutoka Lubumbashi, wakapima umbali kati ya kigoda na tangi, wakapeana mikono, wakarudi. Wivine alibaki kwenye orodha ya vibarua wa kutwa, kwa sababu katika bile binatoka hakuonekana.

Juu ya paa la ukumbi kulikuwa na feni nne za kutoa mvuke. Moja tu ndiyo ilikuwa inazunguka. Mvuke wa asidi ulikaa chini, na wafanyakazi waliuita mosi, kama wa jikoni. Walikuwa wanaume saba. Aliyefungua na kufunga mabomba ya tangi la saba aliitwa Samy, sauti nzito ya kwaya ya parokia, mtu wa utani. Juma la pili tangu kigoda kiletwe, Samy alianza kukohoa. Juma la tatu hakuweza kumaliza zaburi. Macho yake yalikuwa mekundu, na meno yake ya mbele yamepungua ncha kama sabuni iliyotumika.

Wivine alikijua kikohozi hicho. Alikuwa amekisikia utotoni kwenye kila mstari wa nyumba za Kapata, kwa wazee waliostaafu kazi ya shaba. Akaenda kwa Mukuna.

"Enjenia, munitoshe pale, mi nitoke. Ninabaua."

Mukuna alivua miwani, akaifuta. Alisema tangi la saba sasa linafanya kazi ya matangi yote, na kwamba yeye, Wivine, ni kitu ambacho hakukiona hata alipokuwa anasoma chuo kikuu. Alilisema kwa heshima, tena kwa moyo wake wote. Kesho yake Wivine hakwenda kazini. Kesho kutwa pia. Siku ya tatu Samy alikuja mwenyewe, akasimama nje ya ua wake wa majani, anakohoa.

"Unakimbia kazi, mama nkubwa?"

"Mi njo ninakuua, Samy."

"We?" Samy alicheka, akakohoa, akacheka tena. "Tata yangu mwenye kunizaa alikunywa ile mosi myaka makumi mbili na mbili. Alikufa, banasema ni baridi. Bengine banasema ni muyomba yake alimuloga. Muyomba maskini, banamufukuza mpaka Bukama! Ile ya myaka makumi mbili na mbili, we umetuonyesha kwa juma tatu. Rudia kazi. Afazali kuona."

Walizungumza hivyo, yeye upande huu wa ua na Wivine upande ule, mpaka jua likawa juu ya vichwa. Upepo ulikuwa unatoka kwenye mashamba. Katikati ya neno moja kikohozi cha Samy kikakatika. Wote wawili walisikia kinavyoondoka. Samy alivuta pumzi moja ndefu, halafu nyingine, akaimba mstari mmoja wa bassi ili ajaribu. Ulifika mwisho.

Wivine alirudi kazini siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, na kabla ya kukaa kigodani alipita labo.

"Enjenia, mushale inaendaka paka upande moja tu?"

Mukuna alimwangalia kama mtu aliyepewa zawadi. Akachora mishale miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Alisema mambo mengi ya dunia huenda na kurudi kwa wakati mmoja, na kwenda kukilingana na kurudi, mtu wa pembeni anaona hakuna linalofanyika.

"Sawa na maji ya Nzilo," alisema Wivine. "Ziwa unaona limelala. Kumbe inaingia na inatoka."

"Unaona? Unaona!"

"Na mi niko juu ya mushale gani?"

"Ya yote mbili. Unaharakisha kwenda, unaharakisha kurudia. Fasi kwenye bintu binaenda kukaa, ile hauibadirishe. Ile inaangalia nini iko ndani. Ukitosha asidi, inarudia kushoto."

Wivine alishukuru. Aliwaza hilo siku nzima akiwa kigodani, huku Samy akianza tena kukohoa saa tano, na saa nane akitema damu kidogo kwenye kitambaa. Jioni alimwambia aje siku ya yenga, Jumapili, baada ya misa, na wenzake sita waje naye.

Walikuja. Waliketi kwenye mabenchi ya kuazima, uani kwa Wivine, kwenye upepo safi, naye katikati anachambua sombe, majani ya muhogo. Kufika saa saba vifua vimefunguka. Saa tisa macho yamekuwa meupe. Ndevu nazo ziliota, kwa hiyo juma lililofuata walikuja na wembe. Mama Adolphine alileta munkoyo na kuiweka mbali. Henriette, mke wa Samy, alikuwa anakaa mlangoni na kuhesabu pumzi za mume wake kimya kimya. Wivine aliona kwamba meno hayakurudi. Alimwambia Henriette ukweli huo, maana kuna mishale isiyo na mwenzake.

"Meno tutaacha," alisema Henriette. "Ataimba bila meno. Padri naye hana."

Ikawa hivyo miezi saba. Siku sita mosi uliwaharibu, siku ya saba walitengenezwa, na yale mawili yalilingana. Daktari wa kiwanda alikuwa anawapima siku ya kwanza ya juma, saa moja asubuhi, kabla hawajaingia ukumbini. Kila juma aliandika: hakuna mgonjwa. Wivine aliomba mara mbili wapimwe siku ya posho jioni. Ombi lilipokelewa na kugongwa muhuri. Feni tatu hazikuzunguka.

Mwanzoni mwa kiangazi tangazo lilibandikwa mlangoni. Kwa kuwa ripoti za afya za ukumbi wa matangi zilikuwa nzuri kuliko za kiwanda kizima, kuanzia mwezi ujao tangi la saba lingefanya kazi na siku ya yenga pia. Wafanyakazi walipongezwa.

Wivine na Henriette walikwenda ofisini kwa Mukuna pamoja. Henriette alikuwa amevaa kitenge cha misa. Mukuna aliwakaribisha kwa mikono miwili, akampa Henriette kiti. Wivine alibaki amesimama, akachukua kalamu mezani bila kuomba, akachora kwenye gazeti lililokuwa pale mishale miwili. Mmoja akaupa vijiti sita. Wa pili akaupa kimoja.

"Hii moja njo inabashikilia," alisema. "Mukiitosha, inabakia mushale moja. Na mi niko juu yake. Haitafika juma tatu, enjenia. Safari hii haitarudia."

Mukuna aliinama juu ya gazeti. Alifuata mishale kwa kidole, polepole, kama mtu anayesoma jina la ndugu yake kwenye orodha. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa na maji.

"Niko nafundisha tangu myaka kumi na ine," alisema. "Hakuna hata mwanafunzi moja alielewa namna hii. Hata moja, Wivine."

"Asante, enjenia."

"Kweli. Ungelisoma..."

"Enjenia," alisema Henriette. Alikuwa hajaketi vizuri, amekaa ukingoni mwa kiti. "Shiye hatuombe feni. Hatuombe daktari. Mutuachie paka siku ya yenga tu."

Mukuna alitazama chai yake. Ilikuwa imeletwa sasa hivi, lakini kwa kuwa Wivine alikuwa amesimama pale, ilikuwa imekwisha kuwa baridi kama chumba. Alizungusha kikombe kwenye sahani yake. Nje kibarua mmoja alikuwa anafagia. Mukuna alikunja lile gazeti la mishale, akalitia ndani ya droo kama kitu cha kutunza, akatazama saa yake.

"Enjenia?" alisema Henriette.